Somoe Hakuwa Mgumba

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu ya salfa, mwanangu. Ilikuwa alfajiri, msimu wa kupulizia mikorosho dawa, saa ambayo umande ungali kwenye majani na unga unashika vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, natokea Lupaso, nimeoa Chilangala juu kule Newala, na kama ilivyo kwetu, mwanaume akioa anahamia kwa mke. Nilikuwa nimeinama kuibeba mashine ya kupulizia mgongoni, nikasikia upande wa kushoto, chini kabisa, kitu kimenibana ghafla. Siyo kiunoni wala tumboni. Kwenye korodani. Na tusipopaka maneno sukari, kwenye pumbu. Mbona umeshtuka? Neno hilo nimelificha miaka mingi na kulificha kwangu kumeharibu maisha ya mtu, kwa hiyo leo utalisikia mpaka ulizoee.

Nina hasira, nakwambia mapema ili usidhani umekaa na mzee wa kubembeleza. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye ndevu, kasema mbele za watu kwamba mkewe ni mgumba na yeye anatafuta mwingine. Nikamuuliza, wewe umepimwa? Akacheka! Akasema, "Nipimwe mimi, mjomba? Mimi mzima." Nikanyanyuka nikaenda zangu, maana kiganja kilikuwa kinaniwasha. Usiku huo sikulala vizuri. Kicheko chake nilikijua, kilikuwa changu cha ujana.

Basi turudi pale kwenye mikorosho. Maumivu yale, we acha tu. Nilikaa chini nikatapika. Mke wangu, Somoe, alikuwa nyuma yangu amebeba kifuko cha unga wa salfa, akautupa akanishika mabega. "Una nini?" Nikamwambia tumbo. Mwanangu, nilikuwa na mke wangu wa ndoa peke yetu shambani, na bado nikasema tumbo.

Aliniona nilivyojishika, akaelewa. Akasema, "Twende kwa mama mdogo."

Huyo mama mdogo ndiye Mama Rukia, nesi wa zahanati, mdogo wake mama mkwe wangu tumbo moja. Sasa hebu fikiria. Mimi mkwe mgeni, ambaye nikikutana na mama mkwe njiani nahama njia kwa heshima, nikavue nguo mbele ya mdogo wake? Na juu ya hilo kulikuwa na jando. Tulipokuwa kumbini, kwenye kambi ya tohara, kungwi wetu alituapisha kwamba habari za mwili wa kiume hazitajwi mbele ya mwanamke wala mbele ya asiyetahiriwa. Tulikuwa watoto wa miaka kumi, vidonda vibichi, tunaogopa hata kivuli cha kungwi. Kiapo kile kiliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia Somoe, "Bora nife."

Akasema, "Usiseme hivyo." Nikasema tena. Nilikuwa naona ninasema neno la kiume.

Nikarudi nyumbani nikajilaza. Mzee mmoja jirani akaja, akanitazama usoni tu, akasema hiyo ni ngiri, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Sikumwonyesha na yeye hakuomba kuona. Yeye alikisia na mimi nikanywa. Siku ya kwanza nililia huku nimeng'ata shuka. Siku ya pili vilevile, na mfuko wa korodani umevimba, umekuwa mwekundu. Siku ya tatu maumivu yakapungua. Nikamwita Somoe kwa furaha, nikamwambia, "Unaona? Dawa imekubali." Lo! Nilikaa nikala ugali wa muhogo siku hiyo, nikacheka na watu. Kumbe kilichokuwa kinauma kilikuwa kimekufa, na maiti hailalamiki.

Homa ndiyo iliyonipeleka hospitali. Siku ya tano nilikuwa natetemeka, Somoe akaomba lori lililokuwa linateremka Masasi, wakanilaza juu ya magunia. Daktari wa huko alikuwa kijana, si mtu wa kwetu, mpole wa maneno. Alinikagua, akavuta kiti, akaniambia kitu ambacho kungwi, ngariba, baba, mjomba, wote hawakuwahi kuniambia. Alisema korodani imening'inia ndani ya mfuko kwa mshipa wake, na mshipa huo ndio unaopitisha damu. Mara nyingine, hasa kwa vijana, korodani inajizungusha na mshipa unajisokota. Damu haipiti. Akasema, "Ungekuja siku ileile, ndani ya saa chache, ningeufungua msokoto na korodani ingepona. Siku tano? Hapa nakata tu."

Akaikata. Nilipoamka nilikuwa na moja.

Nikamuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. Akajibu, "Utakuwa mwanaume kama kawaida. Moja inatosha, watu wengi wanazaa kwa moja." Nikashusha pumzi. Lakini hakuishia hapo, na sehemu hii ndiyo inayonichoma mpaka leo. Alisema, "Ila mkikaa mwaka mzima na mkeo hajashika mimba, mje wote wawili. Na uanze wewe. Kwa mwanaume ni kipimo rahisi, na wewe umeshaumia."

Somoe alikuwa nje, kwenye ubaraza, anafua shuka zangu. Alipoingia akaniuliza daktari kasema nini. Nikamwambia, "Kasema moja inatosha." Nusu ya maneno nikampa, nusu nikaimeza. Kisha nikamshika mkono, nikamwomba kwa Mungu na Mtume, asimwambie mtu, hata mama yake. Kijijini tutasema ngiri imekatwa.

Akaapa. Na Somoe akiapa ameapa.

Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Wanawake wenzake waliokwenda naye unyago walikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Sasa ujue jambo moja ambalo mtu wa mbali anaweza asilielewe: kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo unakwenda kwa mwanamke. Somoe alikuwa mtoto wa kike wa pekee wa mama yake, Bi Esha, na Mama Rukia yeye, tangu Rukia wake afe mchanga, alibaki na wavulana watupu. Kwa hiyo nyumba nzima ile, ukoo mzima ule, ulikuwa unangoja tumbo la Somoe. Asipozaa yeye, basi, jina linazimika. Bi Esha hakuwa anataka mjukuu wa kumchezesha tu. Alikuwa anaona ukoo wake unakwisha mbele ya macho yake.

Wakaanza kumtafutia dawa. Kwanza mganga wa Mkunya, akamchanja tumboni, mistari kumi na zaidi, akampaka unga mweusi. Haikusaidia. Wa pili yuko bondeni, safari ya kushuka genge, ule ukingo mkali wa uwanda wetu wa juu, na kupanda, Bi Esha mwenyewe na umri wake akamsindikiza, wakalala huko siku tisa. Akafukizwa chini ya blanketi mpaka akazimia. Wa tatu akasema Somoe kalogwa na shangazi yangu. Wa nne akasema tumbo limefungwa na jini wa mto, na hali uwanda wote ule hauna mto. Hebu fikiria! Nilikuwa nacheka moyoni kwa ujinga wa waganga, mimi, mjinga kuliko wote, kwa sababu wao walikuwa hawajui na mimi najua.

Naam, nilijua. Sitakudanganya. Usije ukafikiri nilisahau maneno ya daktari. Kila Somoe alipotoka kwa mganga na chale mpya, maneno yale yalikuja, "uanze wewe." Nikayafukuza. Nikajiambia mimi kitandani ni mwanaume kamili, sina kasoro, basi hata mbegu zipo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kujipima. Na yeye Somoe aliamini nilichomwambia, kwamba moja inatosha, kwa hiyo alijihukumu mwenyewe. Alikuwa ananiambia, "Nisamehe, Issa. Sijui nina nini." Ananiomba msamaha mimi! Na mimi, mshenzi mkubwa mimi, namwambia, "Nimekusamehe, riziki hupangwa na Mungu."

Watu wakanisifu, mwanangu. Hapo ndipo damu inaponichemka nikikumbuka. Wakasema Issa mvumilivu, Issa mstaarabu, mwanaume mwingine angeshaoa mke wa pili. Msikitini mzee mmoja alinitolea mfano mbele ya vijana. Kweli sikuoa mke wa pili. Unajua kwa nini? Niliogopa. Kwamba huyo wa pili naye asiposhika mimba, watu wataanza kuhesabu na kunitazama mimi. Uvumilivu wote ule walioutaja ulikuwa woga mtupu, na sifa zake nilizipokea nikaona zinanistahili.

Bi Esha akafariki mwaka wa kumi na nne wa ndoa yetu. Alikufa ameshika mkono wa Somoe. Maneno yake ya mwisho mwisho alikuwa anauliza nani kamloga mwanawe, amsamehe, amfungue. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia. Nilikuwa na uwezo wa kuingia, kupiga magoti, kusema, "Mama, hakuna aliyemloga, tatizo huenda ni langu." Hatua tatu tu. Nikatoka nje, na baadaye nikaenda kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine, kwa bidii, watu wakanisifu tena.

Miaka miwili mbele, Somoe akapelekwa kwa mganga mwingine, mimi nikiwa nimeridhia. Huyo akampa dawa ya kunywa. Alirudi anaharisha damu. Usiku na mchana, damu. Wakambeba kwa kitanda mpaka zahanati kwa Mama Rukia, akatundikiwa maji, mpaka siku ya pili macho yakafunguka. Mimi nimekaa nje kwenye jiwe. Mama Rukia akatoka, amefunga kanga kiunoni juu ya gauni lake jeupe, akaniita ndani ya kile chumba cha dawa, akafunga mlango. Mkwe na mkwe ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Jambo hilo peke yake lilinitoa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Nakuuliza kama nesi, ukwe tumeuacha nje. Wewe umepimwa?"

Nikamwambia, "Nipimwe nini, mama? Mimi sina neno."

"Nimeuliza umepimwa?"

Nikatazama chini. Nikasema, na mwanangu, naona aibu kurudia, nikasema, "Mama, mimi nimepita jando. Hayo sizungumzi na mwanamke."

Akacheka, kicheko kikavu. Akasogea karibu. "Umepita jando. Haya. Wali, hao vijana wa jando, wanapotoka damu huko kumbini na ngariba akashindwa kuizuia, wanaletwa wapi? Wanaletwa kwangu, hapa, juu ya meza hii. Nawashika kwa mikono hii, nawashona, nawarudisha. Hakuna kungwi hata mmoja aliyewahi kuniambia usiguse, wewe mwanamke. Wanakuja mbio wanalia kuliko watoto! Mzee wako wa Lupaso, kungwi wako mwenyewe, nani alimtia mpira wa mkojo alipofungwa choo kidogo siku alipokuja kututembelea? Mimi. Akaniita mwanangu, akaniombea dua. Leo wewe ndiye mwenye jando kumshinda yeye?"

Nikavua kofia, nikaiweka magotini.

"Jando ni adabu," akasema. "Hii yako ni woga, usiuvishe kanzu ya jando. Dada yangu kafa anaamini mwanawe kalogwa. Mtoto yule pale ndani anakufa kwa ajili ya kutafuta kitu ambacho huenda hakikupotea kwake. Mimi ni nesi miaka yote hii, unadhani sikujua kwamba ile haikuwa ngiri? Nilimuuliza Somoe zaidi ya mara moja. Akanyamaza kwa sababu ulimwapisha. Anakutunzia siri yako na wewe unamwacha achanjwe kama mti! Mwanaume gani wewe?"

Akafungua mlango, akaniambia nitoke. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nami vile, kabla wala baada, na kila neno lilikuwa halali yangu.

Nilikwenda kupimwa wiki ileile. Nitakwambia kipimo chenyewe, ili asije mtu akakutisha. Wanakupa kikopo safi, wanakupa chumba, unatoa manii yako mwenyewe, unakirudisha kikopo, wao wanatazama kwa darubini. Basi. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna mtu wa kukushika. Niliona haya kupita kiasi, nilitoka na kikopo nimekifunika kwa kofia, yule mtu wa maabara akakipokea huku anapiga miayo. Hakujali hata kidogo. Kitu nilichokikimbia miaka kumi na sita kilichukua muda wa kunywa chai.

Hawakuona mbegu. Wakaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa, wakapima tena. Hamna hata moja. Ndiyo maana nikikuita mwanangu, nakuita kwa umri tu. Daktari, mama mmoja wa makamo safari hii, akanieleza kwamba nguvu ya tendo ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Maji yanaweza kutoka kama kawaida na ndani yake hakuna kitu. Ile korodani iliyobaki nayo ilikuwa ndogo, imesinyaa. Huenda iliharibika tangu matubwitubwi ya utotoni, huenda ni ugonjwa wa zinaa uliopita bila tiba ya maana, hakuna wa kujua sasa. Akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Nikasema safari ni ndefu. Uongo mwingine! Hata pale.

Somoe alipopata nguvu nikaomba kikao. Walikaa wazee wa upande wake, na mjomba wake, Mzee Saidi, ndiye msemaji wa ukoo. Mama Rukia alikaa mkekani kati ya wanawake. Nikasimama. Nikasema yote, tangu mashine ya salfa mpaka kikopo. Nikasema na ile nusu niliyoimeza hospitalini, na hiyo Somoe alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Nilimwona akiinua kichwa.

Mzee Saidi akasema taratibu, "Issa, watoto wale ambao hawakuzaliwa hawakuwa wako. Walikuwa wetu. Ungetuambia, tungekaa, tungezungumza, dini ina njia na mila ina njia. Umetunyima watu." Hakupandisha sauti. Ningependa angenipiga.

Halafu Somoe. Yeye alisema neno moja tu siku ile. Alisema, "Ungesema mama akiwa hai." Akajifunika kanga, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi alinipa maji ya kunawa kama kila siku, akasubiri nimalize, akasema, "Nipe talaka yangu." Nikampa. Sikuwa na haki ya kumwomba lolote. Nilikuja Chilangala na jembe na begi, nikateremka na jembe lilelile na begi lilelile, mikorosho niliyoipanda nikaiacha pale, kwa kuwa ni ardhi ya mke. Nikarudi Lupaso kwa dada yangu.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Eda ikaisha, akaolewa na mgane mmoja, aliyefiwa na mkewe, wa hukohuko uwandani, mtu wa kawaida, mkulima. Nami nikasikia, kupitia watu wanaopanda na kushuka, kwamba Somoe ana mimba. Sikuamini. Nikaenda. Nilipanda nikiwa na kuku wawili na kitenge, nikafika uani, nikapiga hodi. Pale jirani mtu akaita, "Mama Esha, una mgeni!" Nikageuka kumtafuta huyo Mama Esha ni nani. Miaka kumi na sita nilikaa naye, kijiji kizima wanawake wanaitwa kwa majina ya watoto wao, na yeye peke yake anaitwa Somoe kama msichana wa shule. Sasa alikuwa mama wa mtu.

Akatoka amembeba. Binti. Jina la bibi yake. Alikuwa mzito, mashavu tele, analalamika kwa njaa. Somoe akanisalimu vizuri, akaniwekea kiti, akamwambia mumewe aje tusalimiane. Sikuona chuki usoni kwake. Akamweka mtoto mikononi mwangu, akanitazama namna ninavyomshika vibaya, akamrekebisha shingo. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayeniambia habari za mvua:

"Huyu angekuwa wa sita, Issa."

Hakupata mwingine. Umri ulikuwa umekwisha. Ukoo wa Bi Esha umesimama juu ya binti huyo mmoja, na hata huyo mmoja ni kwa rehema ya Mungu tu, kwa sababu mimi nilishafanya kila niwezalo asizaliwe.

Basi sasa nisikilize, na usiniangalie hivyo kwa huruma, sihitaji huruma yako, nahitaji masikio. Mwili wako una sehemu, na kila sehemu ina jina, na jina hilo siyo tusi. Ukioga, jishike korodani zako, uzijue zilivyo, moja kawaida huning'inia chini kidogo kuliko nyingine, hilo lisikutishe. Ukikuta uvimbe mgumu ambao jana haukuwepo, hata kama hauumi, nenda ukaonekane. Ukiona mfuko unajaa maji na kukua, hilo ni busha, lina upasuaji wa kawaida kabisa, na wanaokuambia ukipasuliwa uume wako umekwisha ni waongo. Na ikitokea siku korodani ikakubana ghafla, kama mimi asubuhi ile, usingoje jua lichomoze, usingoje dawa ya mzee, usingoje maumivu yapungue, maana yakipungua huenda ndiyo basi tena. Panda chochote, baiskeli, bodaboda, mgongo wa mtu, ufike hospitali ndani ya saa chache. Akikupokea mwanamke, vua. Yeye anatazama ugonjwa. Ukitokwa na usaha au mkojo ukawaka moto, usijinunulie vidonge dukani ukavimeza kwa kukisia, na usiende peke yako, nenda na uliyelala naye mtibiwe wote. Na wale wenye spika juu ya meza kule mnadani, wanaouza unga wa nguvu za kiume kwenye chupa za soda, wapite kama unavyopita jaa la taka. Wanakuuzia aibu yako mwenyewe.

Na mkeo asiposhika mimba, kabla hujafungua kinywa kumwita mgumba, kabla mama yako hajamwangalia vibaya, kabla hajachanjwa hata mstari mmoja, nenda ukapimwe wewe. Uanze wewe! Nimesema hivi kumbini mwaka huu, mbele ya wali na makungwi wao. Wawili wakanung'unika kwamba nafichua siri. Nikawaambia waje nyumbani niwaonyeshe kovu langu, tuone siri hiyo ilimlinda nani. Hawakuja.

Ukipimwa ukakutwa na tatizo, hujapungukiwa uanaume. Mimi sikuupoteza uanaume wangu kwa kisu cha daktari wala kwa kile kikopo. Niliupoteza pale mlangoni kwa Bi Esha, nilipogeuka nikatoka nje. Ugonjwa Mungu huuleta bila kukuuliza. Kunyamaza mtu akiumia kwa ajili yako, hilo unalichagua mwenyewe, na utaulizwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwili mzima na ulimi usioogopa kuutaja. Akujaalie watoto akipenda, na asipopenda akupe moyo wa kulisema hilo kwa sauti. Na akupe mke utakayemwambia ukweli wote, siyo nusu, angali ana miaka ya kuutumia. Amina.